Lori la Sebuleni

Chanika, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeibandika juu ya boksi, sikuiweka ndani, kwa sababu naomba uisome kabla hujamruhusu mtu yeyote kulifungua. Najua hapo ulipo umeshaanza kukunja uso na kumuuliza Mama, "Huyu mtoto ametuma nini tena?" Naomba unipe nafasi nieleze mwanzo mpaka mwisho. Ukimaliza kusoma, uamuzi ni wako.

Kwanza hali yako. Kidonda kimefunga kabisa? Mama kwenye simu ananiambia "baba yako hajambo", lakini Mama namjua, hata mvua ikiezua paa atasema hatujambo. Sukari unakwenda kupima? Na magongo mapya, bado yanakuumiza kwapani? Kama yanakuumiza, mwambie Dada Anita aviringishe kitambaa cha kanga pale juu. Baridi ya Makambako naikumbuka ninapolala hapa na jasho. Usiache kuvaa soksi ya sufu kwenye mguu uliobaki, na ule wa kushoto ufunikwe pale ulipokatwa. Nisamehe kuandika hivyo. Nimefikiri sana namna nyingine ya kusema, sikuipata.

Mimi ni mzima. Bado nimepanga huku Chanika, chumba kile kile, majirani wanafuga kuku na kulima mihogo kiasi kwamba asubuhi najidanganya kidogo kuwa niko nyumbani. Kazini Temeke bado niko yadi ya makontena. Kazi yangu ni kuandika namba za makontena yanayoingia na kutazama lakiri, ule muhuri wa mlangoni, kama ni nzima au imekatwa. Lakiri ikiwa nzima, naandika nzima. Ikiwa imekatwa, siruhusiwi kugusa kitu mpaka waje mashahidi wawili. Wenzangu wananiita Karani Samahani, kwa sababu wanasema siwezi kuanza sentensi bila neno hilo. Nimejaribu kuacha. Nikimaliza sentensi bila kusema samahani, naomba samahani.

Ningekuambia haya yote kwa simu, lakini kila nikipiga unasema, "Enhe, Elia," halafu unampa Mama. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nikisikia pumzi yako kwenye simu maneno yananikimbia.

Mama ameniambia kuhusu kiti, usimkasirikie. Amesema tangu utoke hospitali umekigeuza, sasa unakaa umeipa barabara mgongo, na malori yakipita unaongeza sauti ya televisheni, na televisheni yenyewe huiangalii. Siku aliyoniambia hivyo niliandika namba ya kontena moja mara tatu, zote zimekosewa.

Sasa nieleze.

Kazini tuko na Sista Happy, mhasibu wetu. Mchana mmoja tulikuwa tunakula ubwabwa kwa maharage, akawa anaangalia video kwenye simu yake. Nikachungulia. Nikaona barabara ya lami iliyolowa, waipa zinakwenda na kurudi, na mikono ya dereva kwenye usukani wa lori kubwa. Matone ya mvua yalikuwa yanateleza kwenye kioo cha pembeni, na ndani ya kile kioo tela linaonekana likifuata nyuma, likikata kona baada ya kichwa, kama linavyokata kweli. Nilidhani ni dereva wa mahali fulani amejirekodi.

"Sista, samahani, huyu anaendesha wapi?"

"Haendeshi popote. Ni gemu ya kompyuta hii. Shemeji yako akitoka kazini ndiyo ulevi wake."

"Gemu? Na hiyo mvua?"

"Mvua pia gemu, Samahani. Kula, ubwabwa unapoa."

Ubwabwa ulipoa. Sikuelewa, na mpaka leo sielewi sawasawa, inawezekanaje mtu akae akatengeneza mvua, akatengeneza na kioo cha kuionyesha, na tela linaloyumba upepo ukilipiga ubavuni. Nilifikiri hicho kitu kimoja tu: kwamba kuna barabara inayoweza kuingia sebuleni.

Nikaanza kutafuta kompyuta. Nisikufiche, nilitumia zamu yangu ya upatu wa kazini. Sijakopa kwa mtu. Sista Happy alinifundisha kwamba kompyuta ya kuandikia na kompyuta ya gemu ni vitu viwili, kama pikapu na semi. Ya gemu lazima iwe na kadi ya picha inayojitegemea ndani yake. Hiyo ndiyo injini. Bila hiyo, alisema, utapata taa nyingi na lori lisilopanda mlima.

Duka la kwanza lilikuwa Kinondoni. Baba, pale ndani kulikuwa kama harusi. Kompyuta zinawaka rangi, bluu, nyekundu, zambarau, feni zinazunguka na zenyewe zina taa. Kijana wa dukani aliniletea moja mpya, ya kukunja, ndani ya boksi lake, na lakiri ya kiwanda haijaguswa. Nikaigeuza, nikaipapasa pembe zote nne, nikaikagua lakiri kama ninavyokagua kazini. Nzima. Moyo ukatulia. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni, nikampigia Sista Happy kumpa habari njema.

"Umeiwasha?" akaniuliza.

"Hapana, ina lakiri. Nimeikagua, nzima kabisa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Samahani wewe! Lakiri inakuambia hakuna aliyefungua. Haikuambii ndani kuna nini. Muulize huyo kijana kama ina kadi ya picha."

Nikamuuliza. Kijana akatazama dari, akasema, "Kadi ipo, braza, ila ni ile ndogo iliyokuja nayo." Nikasema nitarudi. Akanijibu kwa sauti wasikie wengine, "Wanaorudi hawasemagi watarudi." Nilitoka pale masikio yanawaka.

Sista Happy akanielekeza duka jingine, Temeke, karibu na maegesho ya malori yanayosubiri mzigo. Mwenye duka ni Mwarabu, kila mtu anamwita Ami Salehe. Babu yake alikuwa anauza redio pale pale, baba yake akauza kaseti na televisheni, yeye sasa kompyuta. Duka halina taa za rangi. Lina nyaya, na harufu ya udi, na meza ya kujaribia, kwa sababu Ami hauzi kitu, hata balbu, kabla hajakiwasha mbele yako. Kikiwaka umekubali, na kikitoka mlangoni hakirudi.

Nilimweleza kuwa mimi ni karani wa yadi, nina kiasi gani, na nataka gemu ya lori. Hakuuliza ni ya nani. Akavuta chini ya meza sanduku jeusi, limechubuka ubavuni, zile kompyuta za mezani zinazotoka kwenye maofisi ya Ulaya wakishazichoka.

"Hii mwili ni wa karani kama wewe," akasema, "lakini moyo nitautia mie. Natia kadi ya picha, naongeza memori, na pawa saplai ya kuibeba. Kioo cha kuangalizia unacho?"

"Nyumbani tuna televisheni."

"Basi usinunue kioo. Televisheni inatosha, waya mmoja tu. Hiyo pesa iende kwenye kadi. Ngoja nikufungulie uone ndani."

Akachukua bisibisi. Pale kwenye ukingo wa sanduku kulikuwa na kikaratasi cha fedha, lakiri ya waranti ya huko ilikotoka. Bisibisi ilipokigusa, nikapaza sauti: "Samahani Ami! Usikate! Hakuna mashahidi!"

Baba, sijui ilinitokaje. Ami akaniangalia, bisibisi iko hewani.

"Mashahidi wa nini?"

"Lakiri. Haikatwi bila mashahidi wawili."

Alicheka akakaa chini. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akawaita madereva waliokuwa wanakunywa chai nje: "Jamani, nyie! Njooni mshuhudie! Karani wa yadi anafungua kontena dukani kwangu!"

Nilitamani sakafu inifiche. Nilitaka wawili, wakaja kama saba, na vikombe vyao. Wa mbele alikuwa mzee wa Kipwani, mwembamba, kofia ya kiua, anaitwa Mzee Sefu. Bado anaendesha lori, njia ya Zambia, ile ile uliyokuwa ukiendesha wewe. Nyuma yake utingo wake, mtu mzima mwenye ndevu.

"Haya, sie mashahidi," akasema Mzee Sefu. "Kata. Tuone kama ni sukari au vipuri."

Ami akakata, akafungua, akaonyesha kadi ya picha, kipande kizito chenye feni mbili. Hapo likaja suala la usukani. Alikuwa nao wa aina mbili, zote zimetumika. Mmoja una pedali tatu, klachi, breki na mafuta, na gia ya mkono pembeni. Mwingine una pedali mbili tu, breki na mafuta, na gia unabadilisha kwa vidole, vibati viwili nyuma ya usukani. Ule wa pedali tatu ni ghali. Nikiuchukua, lazima nikubali kadi ya picha dhaifu. Nikichukua wa pedali mbili, pesa inatosha kadi nzuri.

Nilitaka wa pedali tatu. Nilitaka ukifungua boksi uone lori kamili, usione kitu cha watoto.

Ami akafunga kwanza kadi dhaifu na usukani wa pedali tatu, akachagua nchi inayopita kushoto kama sisi, yenye milima. "Nani anajaribu?" Mimi nikarudi nyuma. Wakamsukuma Mzee Sefu kwenye kiti, wanamtania: "Mzee, leseni unayo?" "Usitugonge, mzee, tuna watoto!" Akatia gia, akaondoka taratibu. Tambarare alikwenda vizuri. Alipoanza kupanda na mvua ikaanza, picha ikawa inaganda, inaruka, inaganda. Mzee Sefu akaachia usukani.

"Hii inakata mafuta."

"Haina mafuta, mzee, ina umeme," akasema Ami. "Kadi imeelemewa."

"Mie sijui kadi. Lori likifanya hivi mlima Kitonga, unazika watu."

Ami akabadilisha. Kadi nzuri, usukani wa pedali mbili. Mzee Sefu akatafuta kwa mguu chini ya meza, akainama kutazama.

"Klachi iko wapi?"

"Huu hauna."

"Lori bila klachi? Huo mkokoteni, Ami." Watu wakacheka. "Kijana, wewe mtu mzima, usinunue mkokoteni."

Mimi ni mwoga wa watu wengi, unanijua. Lakini nilisikia sauti yangu inasema, "Samahani. Si yangu. Ni ya baba yangu. Ameendesha njia ya Zambia tangu sijazaliwa, na sasa wamemkata mguu wa kushoto."

Nilisikia feni za ile kompyuta.

Mzee Sefu hakuniuliza jina lako wala ugonjwa. Alivua kandambili ya kushoto. Akainua mguu wake wa kushoto, akaukunja, akaukalia. Akaweka wa kulia kwenye mafuta, akasema, "Haya, tuone."

Baba, sijui kama nitaweza kukueleza nilichokiona. Lori lilikuwa na shehena ya vyuma. Aliliondoa bila kulishtua. Mlima ukaja, mvua ikaja, na safari hii picha haikuganda hata kidogo. Mvua ilikuwa inamwagika kwenye kioo kama mvua, na taa za magari yanayokuja zilikuwa zinavunjika ndani ya matone. Alikuwa anapunguza gia kwa kidole kimoja, mapema, kabla lori halijaomba, na unasikia injini inavyokubali. Kwenye kona nyembamba, utingo wake, yule mwenye ndevu, aliyesimama kushoto kwake, akainama kuangalia kioo cha kushoto, akasema kwa sauti ya kazini, "Huku kweupe, mzee, njoo, njoo." Hakuna aliyecheka. Nadhani mwenyewe hakujua kama amesema. Lori jingine likaja mbele, la kutengenezwa, halina mtu ndani, na Mzee Sefu akanyanyua vidole viwili kutoka kwenye usukani kulisalimia, kama ulivyokuwa unafanya.

Juu kabisa mawingu yakafunguka, bonde lote likaonekana chini, na vivuli vya mawingu vinatembea juu ya majani. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Subhanallah." Nilitaka kusema kitu kama hicho na mimi.

Alipofika akaegesha, akazima injini, mkono wake wa kulia ukaenda pembeni kutafuta kitasa cha mlango. Ukapapasa hewa. Akautazama mkono wake, akatabasamu kidogo, akashusha mguu aliokuwa ameukalia, akaukanda kwa sababu ulikuwa umekufa ganzi.

"Baba yako nyumbani wapi?"

"Makambako, mzee."

"Mwambie Sefu wa njia ya Zambia amelijaribu. Linapanda. Na hiyo klachi aisahau, haina faida pale." Alikuwa ameshafika mlangoni akageuka. "Na usimwambie kuwa ni mchezo. Mchezo anacheza mtoto. Hii mtu unafanya kazi."

Nikanunua. Ami akaiweka gemu kwa halali yake, akanifungia kila kitu, akaongeza bure kifaa cha kuilinda umeme ukirudi kwa nguvu. Akaniambia, "Lakiri mpya utatia mwenyewe." Kwa hiyo utaona boksi limezungushiwa gundi nyingi kupita kiasi. Ni mimi.

Litakuwa limefika kwa basi. Dada Anita nimemwomba kwa simu aende kulipokea, na alilaze kama mshale ulivyochorwa. Yeye ndiye ataunganisha waya wa televisheni. Nimemwandikia hatua zote kwenye simu yake, na yeye kwa kuwa ni mwalimu atajifanya alikuwa anazijua. Usukani unabanwa kwenye ile meza ya kulia. Ukiona ni upuuzi, ukiona mwanao amekufanya mtoto, sema tu, litafungwa lirudi, na sitauliza kitu. Ndiyo maana nimekuomba usome kwanza. Nimeogopa hilo tangu siku ya kwanza, na bado naogopa ninavyoandika hapa.

Nisalimie Mama, mwambie unga wa ulezi umefika na sijaumaliza. Nisalimie Shangazi Tumaini, dada yako, na umwambie bado sijaoa, ili asipate taabu ya kuuliza. Salamu kwa Baba Mdogo Lameki na watoto wake, na kwa Bibi, mama yake Mama, ambaye najua barua hii itasomwa mbele yake na atataka kugusa boksi. Muache aguse.

Limebaki jambo moja, nalo sikulisema dukani.

Watu walipoondoka, Ami alisema, "Na wewe jaribu, bado haijatoka mlangoni." Nikakaa. Kupanda nilipanda vibaya, lakini nilipanda. Ila nilipoanza kuteremka, Baba, ule mzigo ukaanza kunisukuma. Nilijua niko kwenye kiti cha plastiki Temeke. Nilijua hakuna mlima. Lakini nilisikia uzito wote uko mgongoni mwangu unataka kupita, breki zinachoka, kona inakuja, na mikono yangu ikalowa jasho mpaka usukani ukateleza. Nikaanguka bondeni. Ami akasema si neno, bonyeza hapa, unaanza upya.

Wewe hukuwa na pa kubonyeza. Kitonga uliiteremka na shaba nyuma, mvua kwa jua, miaka yote niliyokuwa shule. Ulikuwa unafika nyumbani, unanawa uso, unaniuliza nimeshika namba ngapi darasani. Hukusema lolote kuhusu kuteremka. Nilikua nikidhani wewe huogopi kitu chochote, na mimi uoga huu nimeuokota mahali ambapo si kwenu.

Naomba uniambie, Baba. Pale Kitonga, na mzigo nyuma, ulikuwa unaogopa?

Siyo lazima unijibu kwa simu. Lakini kama ulikuwa unaogopa, na bado ukawa unashuka, ningependa sana kujua kwamba nimefanana na wewe.

Ni mimi mwanao,
Elia